Mkataba wa kabla ya ndoa: mahakama ya Kenya huutupa lini?

Mswali_Thika: Wakuu, mkataba ulisainiwa siku 2 kabla ya harusi: kila mtu abaki na mali iliyo kwa jina lake, mke akiachika asidai kitu. Sasa ni miaka 12, talaka iko njiani, na nyumba wanayoishi ina jina la mume peke yake. Jaji anaweza kuukataa mkataba huo?

Karani_wa_Korti: Anaweza. Kifungu cha 6(3) cha Sheria ya Mali ya Ndoa, 2013 kinaruhusu mkataba kabla ya ndoa. Cha 6(4) kinaipa mahakama uwezo wa kuutengua ikiwa ulipatikana kwa ulaghai, kwa shurutisho, au una dhuluma ya wazi. Moja kati ya hayo linatosha, ila mwenye kulalamika ndiye anayeomba na kuleta ushahidi. Siku 2 peke yake ni hoja nyepesi. Inapata uzito mkionyesha kwamba wakili alikuwa mmoja, tena wa mume, kwamba mke hakupewa nafasi ya kusoma rasimu, na kwamba aliambiwa asiposaini hakuna harusi huku wageni wameshaalikwa. Tafuteni jumbe za simu za wiki ile. Hizo ndizo zinazobeba kesi, si machozi kizimbani.

Wakili_Mtaa: Naongeza upande wa ulaghai. Fungua kurasa za mwisho za mkataba uone kama kuna jedwali la mali: namba ya kila hati miliki, hisa, akiba ya Sacco, madeni. Kama kuna sentensi tu kwamba "kila mmoja anaifahamu mali ya mwenzake", fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi. Ploti iliyosajiliwa kwa jina la mume kabla ya tarehe ya kusaini, naye hakuitaja, ni silaha nzuri.

Bi_Mwanasheria: Msimpe matumaini ya nusu kwa nusu. Mkataba ukitenguliwa mnarudi kifungu cha 7, kila mtu kwa mchango wake, na Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba mgawo wa sawa haujitokezei wenyewe. Habari njema ni kwamba kifungu cha 2 kinahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia na kulima kuwa mchango. Hata kama nyumba ilinunuliwa kabla ya ndoa, aliyechangia kuiboresha anapata haki kwa kadiri ya mchango huo (kifungu cha 9). Risiti za mabati, saruji na fundi zitunzwe. Na mume asimfungie mlango sasa hivi: ndoa ikiwa bado ipo, kumtoa mke kwenye nyumba ya ndoa kunahitaji amri ya mahakama.

Karani_wa_Korti: Pia kama kuna ibara inayomwondolea mume jukumu la watoto, msihangaike nayo. Wazazi hawawezi kuuza haki ya mtoto kwa saini zao. Omba matunzo kivyake, chini ya Sheria ya Watoto, 2022.