Nimegongwa na Canter haina bima, hela ya kutengeneza gari naidai vipi?

MamaJ_Segerea:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa mwenye uzoefu maana hapa nilipo kichwa kinauma. Juzi kati jioni nilikuwa kwenye foleni pale Tabata Relini, nimesimama kabisa, mbele daladala inashusha abiria, nikasikia kishindo tu nyuma, Canter imebeba tofali imeniingia. IST yangu mlango wa buti umebonyea mpaka ndani, bampa la nyuma limepasuka vipande, taa zote mbili za nyuma hazipo. Mimi na mwanangu wazima, tunamshukuru Mungu. Trafiki alikuja akapima akachora, dereva akakubali mbele ya watu kwamba breki zimemgomea. Kuja kuingiza namba ya ile Canter kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, bima imeisha kitambo. Jamaa akaanza kunibembeleza, dada usinifikishe mbali nina watoto, nitakutengenezea, akanirushia laki mbili kwenye simu pale pale tukaachana vizuri tu. Fundi kapiga hesabu milioni mbili na laki nne. Sasa hivi simu hapokei, siku akipokea anasema tajiri hajatoa hela. Mimi bima yangu ni ile ndogo ya laki na kumi na nane, je kampuni yangu inaweza ikanilipa halafu wao ndo wamdai yule? Au ndo nimeliwa hivyo?

Kibopa_mstaafu:
Pole sana dada. Bima ndogo inamlipa utakayemgonga wewe, gari lako wewe haliwahusu. Ungekuwa na kubwa wangekutengenezea, unakatwa kile kiasi chako cha kuchangia halafu wao wanahangaika na mwenye Canter huko mbele. Ushauri wangu chukua hiyo laki mbili nunua taa, mengine muachie Mungu. Dereva wa Canter utamkamua nini.

fundi_gerezani:
Kibopa unamkatisha tamaa bure. Dada kabla hujagusa kitu piga picha za kutosha gari likiwa hivyo hivyo, kila upande, na namba ya gari ionekane. Hilo bampa bovu na vipande vya taa usimuachie fundi, wengi wanauza chuma chakavu, weka stoo. Halafu hiyo hesabu ya fundi ni ya mdomo au ya karatasi? Nenda gereji yenye TIN wakuandikie profoma ya maana, bampa kiasi gani, taa kiasi gani, kunyoosha na rangi kiasi gani. Used unazipata Shauri Moyo pale Ilala kwa bei ya kueleweka, ila duka likupe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nimeshuhudia mteja wangu anaenda kudai na kikaratasi kimeandikwa kwa peni "kunyoosha body 800,000" hakina jina wala muhuri, wakamcheka.

mtaa_wa_sheria:
Mimi si wakili wako, nakupa njia tu. Kwanza acha kumfukuzia dereva, mtafute TAJIRI. Dereva akiwa kazini anaendesha gari la bosi, uzembe wake bosi anaubeba, na ndiye mwenye Canter na biashara ya tofali, ana kitu cha kukamatika. Tena ile sheria ya bima za magari, Sura ya 169, kosa siyo la dereva peke yake, hata aliyemruhusu aingize barabarani gari lisilo na bima anashtakiwa. Kwa hiyo tajiri naye halali vizuri ukilikomalia.

Pili nenda kituo kilekile ulichoripoti uulizie jalada limefikia wapi, wewe unahitaji nakala ya ramani ya ajali na ile PF 93 ya ukaguzi wa gari. Hapa ndo watu wengi wanaharibikiwa, wanamalizana barabarani wanasamehana, jalada linafia pale. Kesi ya usalama barabarani ikienda mahakamani dereva akatiwa hatiani kwa kuendesha kizembe, ile hukumu muda wa rufaa ukishapita ni ushahidi tosha kwenye madai yako, huanzi tena kubishana nani alimgonga nani. Na hakimu huyohuyo wa jinai ana uwezo wa kuamuru ulipwe fidia, mwambie mwendesha mashtaka mapema ili aombe, usipoomba hakuna atakayekukumbuka.

Tatu, haraka ya nini hamna, madai ya uzembe yana miaka 3 tangu siku ya ajali. Lakini usilale.

dogo_la_Mbagala:
Maneno mengi. Toa hela ya maji pale kituoni wamlaze ndani siku mbili uone kama hatauza mbuzi kwao.

mtaa_wa_sheria:
Dogo hilo la hela ya maji ni rushwa, utaingia ndani wewe. Na polisi siyo kazi yao kukusanya madeni, kazi yao ni kosa la barabarani. Fidia inaamriwa na mahakama.

Wa_Umoja_Nrb:
Pole mamaa. Huku kwetu Kenya tuko na Small Claims Court, ilianza kusikiza kesi 2021 Milimani, hata uharibifu wa mali kwa ajali inashughulikia bora isipite shilingi milioni moja za huku, na kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60. Hauhitaji wakili, wewe na makaratasi yako. Nyinyi huko TZ hamna kitu kama hiyo?

mtaa_wa_sheria:
Yenyewe kama yenyewe hatuna, na hapo ndo kuna kautundu nilitaka nimwambie MamaJ. Mahakama ya Mwanzo ndiyo rahisi na ya karibu, ila kwa ajali kama ajali, yaani uzembe, haikupokei, unatakiwa uende Mahakama ya Wilaya ambako bila kuandikiwa hati ya madai utasumbuka. LAKINI deni linalotokana na mkataba Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mpaka milioni 30. Sasa ukimpata tajiri akakubali kulipa, usiridhike na "sawa dada nitakutumia", muandikishane. Mimi fulani mmiliki wa gari namba fulani nakubali gari langu liligonga gari la fulani tarehe fulani, nitalipa milioni mbili na laki mbili, nusu tarehe hii nusu tarehe hii, saini, namba ya NIDA, mashahidi. Akivunja hapo humdai ajali tena, unamdai deni la mkataba.

MamaJ_Segerea:
Mmenifungua macho jamani. Shida moja, nimeulizia ile Canter, kadi ina jina la mtu mwingine kabisa, tajiri wa sasa aliinunua hajabadilisha umiliki.

fundi_gerezani:
Canter za mjini nusu yake ziko hivyo 😂

mtaa_wa_sheria:
Ukifika mahakamani unawaunganisha wote, dereva, tajiri na mwenye jina kwenye kadi, huyo wa kadi aje mwenyewe aeleze alimuuzia nani. Kwenye makubaliano msainishe anayeitumia na kupokea hesabu za kila siku. Tena fanyieni ofisi ya serikali ya mtaa anakokaa yeye, mwenyekiti agonge muhuri, maana huyo mwenyekiti ndiye atakayempelekea wito akianza kukimbia.

MamaJ_Segerea:
Sawa, nimempata tajiri kwa namba aliyonipa mke wa dereva, kasema Jumamosi tukutane Kinyerezi. Kasema ana laki tano mkononi ila anataka niandike kwamba tumemalizana.

mtaa_wa_sheria:
Laki tano pokea, andika "malipo ya awali" na kiasi kilichobaki. Neno tumemalizana usiliandike hata akikupigia magoti, mpaka salio lote liwe limeingia. Na ile laki mbili ya dereva itaje humohumo kwamba ulishapokea, asije kusema umeificha.

Kibopa_mstaafu:
Dada nimefuta kauli yangu. Utuambie Jumamosi.