Tupeane uzoefu: uchambuzi uliokufanya uisake albamu ya shugezi, au uikimbie

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema? Jana nimebishana na dogo hapa nyumbani hadi chakula kikapoa. Yeye anasema siku hizi nani ana haja na mchambuzi, wimbo unakufuata wenyewe TikTok, na hata Pitchfork, ule mtandao mkubwa wa kuchambua albamu, mwaka 2024 wenye mali wameisukumia ndani ya GQ, jarida la mavazi ya wanaume. Nikabaki namwangalia tu. Hajui tulikotoka.

Mwaka 2009 nilikuwa Mwanza, nasoma uchambuzi wa albamu internet kafe, nusu saa shilingi mia tano. Kupakua wimbo usahau, mtandao unakatika na mhudumu ana macho makali. Kwa hiyo nilikuwa nanakili maandishi, naweka kwenye flashi, naenda kuyachapisha duka la stesheneri. Loveless (ya 1991) ya My Bloody Valentine, bendi ya shugezi, yaani roki ya magitaa yenye kelele za kuyeyuka na sauti ya kuimba iliyofunikwa, niliisoma mwaka mzima na ushee kabla ya kuisikia. Kichwani nilishaitunga ya kwangu, nzuri balaa. Siku nimeipata kwa mwana mmoja wa chuo, nabonyeza, gitaa linapinda kama kaseti iliyosahaulika juani. Nikajua faili limeharibika. Nikafuta! Baadaye ndipo nikasoma kwamba Kevin Shields, mpiga gitaa wao, hupiga nyuzi huku mkono umeshikilia kile chuma cha kuyumbishia sauti, makusudi kabisa. Nikarudi kwa jamaa na flashi yangu, mpole.

Haya, tupeane uzoefu. Uchambuzi gani ulikupeleka kwenye albamu ya roki ya indi (ya bendi zinazojitegemea) au hii shugezi, na upi ulikuponza?

#2

Afadhali wewe ulifuta faili. Mimi nilipeleka sabufa kwa fundi. Fundi kaifungua, kaifunga, kachukua elfu tano yake, kasema "badilisha wimbo".

#3

Shikamooni wakubwa. Mimi mtu wa Mombasa, kazi iko huku Uingereza, kwenye nyumba ya kutunza wazee.

Aliyenipeleka ni mchambuzi aliyetukana. Slowdive, bendi ya shugezi ya huku, walipotoa albamu yao Souvlaki, 1993, Dave Simpson wa gazeti la muziki la Melody Maker aliandika kwamba ni heri apaliwe afe ndani ya beseni la uji kuliko kuisikiza tena. Nikasoma mara mbili. Uji? Kwetu uji wa mwezi wa mfungo, uliotiwa pilipili manga, hilo ni tusi au sifa? Nikasema hawa lazima niwasikize. Niliwasikiza kwenye basi la usiku, sikio moja la earphone limekufa, na nikapitiliza vituo viwili.

Wenzangu, hawa watu walionewa. Magazeti yaliyowapamba mwanzoni ndiyo yaliyowageuka. Hata hilo jina shugezi lilikuwa la kejeli, yaani watazama viatu, kwa kuwa wanamuziki walikuwa wameinamia pedali zao za kubadilishia sauti ya gitaa sakafuni badala ya kuwatazama watu. Albamu ya tatu ikatoka 1995, kampuni ikawaacha. Wakarudi jukwaani 2014, na Everything Is Alive ya 2023 ikaingia kumi bora hapa Uingereza. Nikaenda kuwaona. Nimezungukwa na vitoto ambavyo Souvlaki ilipotoka mama zao wako shule. Kabinti kamoja kakanipa vizibo vya masikio kwa huruma, kakidhani nimekosea mlango.

#4

Niko Nairobi, napiga gitaa kanisani. Nilisoma mchambuzi akisema gitaa la shugezi ni ukuta. Nikanunua pedali mbili za mtumba, moja ya mkwaruzo na moja ya mwangwi, nikazipanga kinyume na walivyonifunza: mwangwi mbele, mkwaruzo nyuma yake. Ukipanga hivyo mkwaruzo unautafuna mwangwi wote, na sauti inajaa kila pembe mpaka hujui uligusa uzi gani.

Jumapili, wimbo wa sadaka, nikakanyaga zote mbili. Mama mmoja wa kwaya akaziba masikio. Jamaa wa mitambo hakusema kitu, alinizima tu kule kwa meza yake. Mimi najisikia kwa spika yangu ndogo ya miguuni, nikapiga hadi ibada ikaisha, macho yamefungwa, machozi karibu, na hakuna mtu mwingine aliyesikia hata noti moja. Pasta akanishukuru, eti leo nimepiga kwa unyenyekevu.

#5

Mnawasifia sana hao wachambuzi. Mimi wameniponza. Chukua maandishi yoyote ya toleo jipya: ukungu, ndoto, kuzama, kuelea. Wawe bendi ya julie wa California, awe Parannoul wa Korea anayejirekodi peke yake chumbani, maneno ni yale yale, kama watangazaji wa mpira na "shuti kaaali". Niliyosoma kuhusu Wisp, binti wa shugezi aliyevumia TikTok, nusu ilikuwa TikTok na nusu ndoto. Nikaweka albamu yake If Not Winter (2025) usiku ili nipate usingizi. Magitaa mazito yakanikalisha kitandani!

Ila nitakuwa mchoyo nisiposema na hili. Frog in Boiling Water ya bendi ya DIIV, ya 2024, niliisikiliza mwezi mzima nikidhani ni ya mapenzi, maana sauti ya mwimbaji imefunikwa huko ndani. Mchambuzi mmoja ndiye aliyenifungua kwamba wanaimba mfumo wa uchumi unaotuchemsha polepole kama chura sufuriani. Na mimi ile albamu nilishamtumia shemeji yenu siku ya kumbukumbu ya ndoa.

#6

Mbona A.R. Kane hamuwataji? Wana wawili weusi wa London mashariki, Alex Ayuli na Rudy Tambala. Albamu yao 69 ni ya 1988, miaka mitatu kabla ya Loveless, na yale magitaa ya kuyeyuka yamo humo tayari. Mimi nilipita uchambuzi kibao wa hii shugezi bila kukutana na majina yao. Siku nimeyakuta, kwenye makala ya toleo la marudio, nikaruka. Mimi mtu wa Kyela, mpakani. Tambala si ndiyo senti za Malawi? Nikafuatilia, kumbe kweli, huyo Rudy damu yake ni ya Malawi.

Niko Minneapolis sasa. Matamasha ya muziki huu nahudhuria, na mara nyingi ukumbi mzima weusi ni mimi na mlinzi wa mlangoni. Huwa tunasalimiana kwa kichwa tu. Mwaka jana nikamwambia habari za A.R. Kane. Akaandika kwenye kiganja.

#7 (mwanzisha uzi)

Mkuu wa Kyela, 69 nimeipata. Nilimwita dogo tusikilize wote, akakaa, hakutoa simu mfukoni. Wimbo wa nne bando likakata. Kauliza, "sasa inaendeleaje?" Nikamwambia asome uchambuzi. Kesho nikiweka vocha nitaleta mrejesho.