Gari linazima likipata moto, sensa ya krenki nimebadilisha mara mbili. Naombeni ushauri

Mpiga_Starta
Wakuu, habari za wakati huu. Gari langu ni la petroli, silinda 4. Asubuhi linawaka bila shida. Nikitembea kama nusu saa, hasa kwenye foleni, linazima ghafla kama mtu kazungusha ufunguo. Halitetemeki wala halikohoi. Nikipiga starta injini inazunguka vizuri ila haishiki. Nikikaa dakika 20 linawaka kama si lenyewe.

Mashine ya kupimia gari ilisoma kodi ya hitilafu P0335, fundi akafunga sensa mpya ya krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni). Baada ya wiki mbili, yale yale. Tukafunga nyingine, na juzi limezima tena. Sasa anataka tubadilishe na ya kemushafti (mhimili unaofungua vali) "ili tumalize kabisa". Mfuko umeshachoka.

JinoLaSpana
Badilisha zote mkuu, hizo huwa zinakufa pamoja.

MzeeWaMultimita
Jamani tusimpoteze ndugu yetu. Nani kasema zinakufa pamoja? P0335 inalalamikia saketi ya sensa ya krenki, na saketi ni sensa, soketi na waya mpaka kwenye kompyuta ya injini. Kemushafti ingeleta P0340. Ingekuwa P0016 ningekwambia uache sensa kwanza, ukague cheni au mkanda wa taimingi, maana hapo krenki na kemushafti hazisomani.

Hiyo sensa inahesabu meno ya gurudumu linalozunguka na krenki. Magari mengi gurudumu lina nafasi za meno 60, mawili yameachwa wazi makusudi ili kompyuta ijue krenki imefika wapi. Taarifa hiyo ikikatika, kompyuta inaona injini imesimama, inakata cheche na mafuta. Ndiyo maana halikohoi.

Nijibu mawili: likizima, ukipiga starta mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unanyanyuka? Na sensa ina nyaya ngapi?

Mpiga_Starta
Mshale umelala kwenye sifuri mzee. Asubuhi unanyanyuka kidogo kabla ya kuwaka. Nyaya ni 3.

MzeeWaMultimita
Hapo umenipa kitu. Nyaya 3 mara nyingi ni sensa ya Hall, ile inayolishwa umeme na gari ili ihisi sumaku (thibitisha kwenye mchoro wa waya), na hiyo usiipime ohmu, itakudanganya. Ohmu ni za ile ya koili yenye nyaya 2.

Kosa lenu ni kupima gari likiwa limepoa. Lisubirini lizime, kisha msilipe nafasi ya kupoa. Chomoa soketi ya sensa, washa swichi bila kupiga starta, pima upande wa waya za gari. Mmoja utoe volti 5 au 12 kutegemea gari, mwingine uwe erthi safi. Huku mita imeshika, mwenzako autikise mkungu wa waya taratibu kuanzia kwenye soketi. Angalieni ekzosi isiwachome.

Binti_Gereji
Mzee kamaliza. Mimi naongeza tu: chungulia ndani ya soketi kama imeingia oili. Na ukiitoa sensa, futa ncha yake, zile zenye sumaku hukusanya vumbi la chuma.

Mpiga_Starta
Wakuu nimerudi. Jana limezima, tukapima pale pale. Mita ikasoma volti 5, tukapumua. Fundi akagusa waya karibu na ekzosi, ikaanguka sifuri. Akauachia, 5. Akaugusa, sifuri.

Tukafungua tepu. Mpira wa nje ulikuwa mzima kwa macho, ila mgumu, ukiukunja unakatika kama tambi mbichi. Ndani shaba imeota ukijani, zimebaki nyuzi mbili tatu zinagusanagusana. Kishikizo chake kilikuwa kimevunjika, waya ukawa unalalia ngao ya joto.

Tumekata kipande kibovu, tukaunga kingine kwa kulehemu, tukauvisha mpira wa kusinyaa na kuufunga mbali na ekzosi.

JinoLaSpana
Nimekaa pale 😂 Sensa ipi imebaki kwenye gari?

Mpiga_Starta
Ile ya kwanza kabisa, iliyotoka na gari. Ilikuwa bado kwenye buti, nikamwambia fundi airudishe tuone. Leo nimekaa foleni saa nzima, mshale haujatikisika.