Baba amenijibu kwa habari za Barzilai na hataki kuja Dar. Nisaidieni andiko

Mwana wa Kati
Wakuu, heshima zenu. Naomba ushauri, hasa kwa mnaoijua Biblia.

Baba anaishi Marangu peke yake tangu mama afariki. Presha haitulii, magoti yamechoka, na kila binti wa kazi tunayempeleka anaondoka. Nimemwandalia chumba huku Dar, choo humo humo ndani. Nilipomweleza, akafungua 2 Samweli 19 akaniambia nisome kwa sauti. Daudi anamwomba mzee Barzilai avuke naye Yordani akamtunze Yerusalemu. Mzee anakataa: ana miaka 80, chakula hakisikii ladha, waimbaji hawasikii, na anataka kufa mjini kwake, karibu na kaburi la baba na mama yake. Nilipomaliza akasema, "Jibu langu ni hilo," akafunga Biblia.

Nimjibu kwa andiko gani? Inabidi awe amehama kabla ya Pasaka.

Mama Usharika
Bwana Yesu asifiwe mwanangu. Kabla ya kumtafutia baba andiko, mjue kwanza huyo Barzilai. Daudi alifika Mahanaimu akimkimbia Absalomu, mwanawe wa kumzaa. Barzilai Mgileadi, pamoja na Shobi na Makiri, wakampelekea vitanda, vyombo vya udongo, ngano, shayiri, kunde, dengu, asali, siagi, kondoo, mpaka jibini. Vita vilikuwa havijapiganwa. Absalomu angeshinda, wale watatu wangekuwa wahaini. Imani yake iko hapo! Sisi tunamkumbuka kwa uzee wake tu, na wengi hata hawamkumbuki.

Ndizi Ng'ombe
Mzee wa Marangu umpeleke kwenye joto la Dar? Na mbege ataipata wapi, kwa Mangi wa dukani?

Bibi Harusi wa Zamani
Sisi tulimchukua mama tukamleta Mwanza. Hakukosa kitu. Ila kila alfajiri alikuwa anaamka kuuliza kama kuku wamefunguliwa, na kuku tulishawagawa. Baadaye akaacha kuuliza, akawa anakaa kitandani ameshika kanga yake tu. Tulimrudisha kijijini akiwa hawezi kutembea. Mpaka leo dada zangu wananilaumu mimi, wakati kikao tulikaa wote.

Mwana wa Kati
Poleni. Ila naombeni turudi kwenye andiko.

Karani
Mkuu, Pasaka ina nini? Mzee akihama Juni kuna ubaya gani?

Mwana wa Kati
Ni ratiba tu za familia.

Karani
Ratiba gani? Na kihamba, shamba lenu la ukoo, anabaki nacho nani?

Mwana wa Kati
Sawa, niseme. Kuna mtu anakitaka kihamba, kaka yangu na mimi tumekubaliana naye, na arbuni nimeshapokea. Anakuja kupima baada ya Pasaka. Baba hajaambiwa kwa sababu presha itapanda. Msinihukumu haraka. Hela hiyo ndiyo itakayomtibu, mshahara wangu mnaujua? Na makaburi hayaguswi, tumeandikishana. Ni njia ya gari tu itakayopita pembeni ya kaburi la mama.

Mama Usharika
Mwanangu! Baba yako ametaja kaburi, na wewe unakuja hapa kuuliza andiko?

Mgeni Njoo
Jamani, hii chai. Mzee ana andiko mkononi linalolingana na maisha yake kama nguo ya kushonesha? Na kwa Wachaga nyumba ya baba humwendea kitinda mimba. Huyu ni wa kati, anauza kama nani? Huyu ni mtumishi anatafuta mifano ya mahubiri ya Jumapili, tunamwandalia bure.

Ndizi Ng'ombe
Mimi pia nimehisi. Chumba cha Dar chenye choo ndani, mshahara haumtoshi?

Mwana wa Kati
Sijatunga chochote. Baba alikuwa mwinjilisti, Biblia anaijua kuliko mchungaji wetu. Na huyo kitinda mimba ndiye aliyemleta mnunuzi.

Mwalimu wa Sunday School
Iwe kweli iwe chai, mimi najibu andiko, maana sura hiyo haijaisha pale mliposimama. Barzilai hakukataa wema wa mfalme, aliuelekeza kwa mwingine. Alisema, Kimhamu huyu hapa, avuke yeye. (Sura hiyo haisemi Kimhamu ni mwanawe, ila Daudi anapokaribia kufa anamwagiza Sulemani awatendee mema wana wa Barzilai, wale mezani pake, 1 Wafalme 2:7.) Na ukisoma Yeremia 41:17, Yerusalemu imeshaanguka, lakini karibu na Bethlehemu kuna mahali bado panaitwa kwa jina la Kimhamu. Kijana alivuka akapata, na mzee akabaki kwake. Daudi angeweza kuamuru. Badala yake alimbusu, akambariki, akamwacha arudi. Ndugu, hapo wewe ndiye Daudi, na hilo ndilo andiko lako.

Mwana wa Kati
Daudi hakuwa na mnunuzi anayempigia simu kila jioni.

Karani
Mnunuzi naye aulizwe amenunua kwa nani. Kama mwenye ardhi ya kimila ni baba yako na yuko hai, saini yako ni karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka uhamisho upite kwenye Halmashauri ya Kijiji, na huko mzee ataitwa, presha au bila presha. Rudisha arbuni kabla ya siku ya kupima, halafu mtibuni mzee huko huko kwa kuchangishana.

Mwana wa Kati
Kurudisha sasa hivi ni ngumu.

Karani
Ngumu kwa nini? Hicho chumba chenye choo ndani kimejengwa kwa hela gani?