Mjadala: Anayetangaza dawa ya saratani kwa spika sokoni, azuiwe au aachwe?

Mleta hoja (Mwanga, Kigoma):
Wakuu, salaam. Hapa kwetu jioni sokoni hukosi kigari chenye spika juu: "Presha, kisukari, kitambi, nguvu za kiume, saratani ya titi, saratani ya tezi, zote chupa moja!" Chupa yenyewe ni ya maji ya kunywa, ndani kitu cha kahawia, haina jina la mmea wala tarehe. Je, huyu azuiwe kutaja saratani, au aachwe kwa sababu wanunuzi ni watu wazima?

Mimi nasema azuiwe. Sizungumzii kupiga marufuku dawa za asili, hilo tusilichanganye. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002. Na mimea imetoa dawa za saratani kweli: lile ua la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, watu wanalipanda nyuani kama pambo, ndimo ilimopatikana vinkristini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963. Mpaka leo inawatibu watoto wenye saratani ya damu. Ila dozi yake ni miligramu moja au mbili tu, tena kwa mshipa, na ikizidi inaharibu neva. Ukichemsha majani yale sufuriani, nani atakwambia umekunywa kiasi gani?

Kinachoniuma zaidi ni miezi inayopotea. Uvimbe wa titi ukiwa kama punje ya hindi, unakatwa na mama anaendelea na maisha yake. Akizunguka na chupa hadi titi lichimbike kidonda, mara nyingi daktari anabaki kutuliza maumivu. Watafiti wa Yale walichapisha matokeo yao 2018: wagonjwa ambao saratani ilikuwa haijasambaa, wakachagua tiba mbadala peke yake, hatari yao ya kufa ilikuwa mara 2.5 ya waliotibiwa hospitali. Kwa titi ilizidi mara 5.

Wa Ujiji:
Kaka, unaongea kama mwenye bima. Mionzi ya kutibu saratani iko wapi? Taasisi ya Ocean Road, Dar. Au hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa reli hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, na mionzi si ya siku moja, ni wiki kadhaa. Nauli ya mgonjwa, nauli ya wa kumuuguza, pa kulala, na huku nyumbani nani anaanika dagaa? Mwenye chupa anakuja mpaka mlangoni na anakopesha. Mkimfukuza, mnamweka nani?

Muuguzi mstaafu:
Mmeng'ang'ania saratani, kitambi mmekiruka. Zile chai za kupunguza tumbo nyingi ni sanamaki. Unaharisha, mizani inashuka, unafurahi. Kilichotoka ni maji na choo, mafuta hayajaguswa. Dawa inayopunguza uzito kweli ipo, sindano ya semaglutaidi: kwenye majaribio watu walipungua kama asilimia 15 kwa wiki 68, na Marekani iliiruhusu kwa unene mwaka 2021. Lakini walioiacha walirudisha theluthi mbili ya uzito ndani ya mwaka. Nayo imeshaghushiwa, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari 2024. Kwa hiyo msije mkanunua sindano mkononi kwa mtu eti kwa kuwa ni ya kizungu.

Halafu wanangu, saratani ya mlango wa kizazi ina chanjo. Wasichana wetu wanachanjwa tangu 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu, miaka 9 hadi 14. Bado kuna wazazi wanamficha mtoto siku ya chanjo, kisha wananunua chupa.

Wa Kasulu:
Mwaka 2011 kikombe cha Samunge, ile dawa ya Babu wa Loliondo iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu, kiliuzwa shilingi 500 na wakubwa walipanga foleni pamoja nasi. Leo tunamkamata wa kigari?

Mleta hoja:
Wa Kasulu, Samunge ndiyo inanipa nguvu. Wapo walioacha ARV, dawa za UKIMWI, baada ya kikombe, wakarudi kliniki wamedhoofu. Foleni ya wakubwa haikuwaponya.

Wa Ujiji, hoja yako nzito, na spika haiijibu. Mwenye chupa hapunguzi hata kilomita moja ya safari ya Dar, anaichelewesha tu, na akimaliza nauli imeshaingia mfukoni mwake. Auze ya kikohozi na ya tumbo. Akiona uvimbe, amwambie mtu aende hospitali ya Maweni wiki hiyo hiyo, na mganga anayefanya hivyo mimi nitamheshimu kuliko wengi wenye makoti meupe. Upande wa pili, madiwani wetu tuwabane kuhusu nauli za rufaa, maana bila hiyo tunapiga kelele bure.

Aliyewahi kumpeleka mgonjwa Ocean Road kutoka Kibondo au Uvinza atuwekee hapa: alilipia nini, na alilala wapi?