Matokeo ya yaya: limfositi za stroma 60%. Zimeingia au zimebaki nje?

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)
Ndugu zangu, yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alitolewa titi la kushoto mwezi uliopita. Uvimbe ulikuwa wa sentimita 3. Karatasi ya anapati, yaani majibu ya labo iliyochunguza uvimbe kwa hadubini, imefika Jumatatu, kwa Kifaransa, nikaisoma mimi mbele ya familia nzima. Kansa yake ni hasi tatu: haina vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni, wala protini ya HER2. Chini kabisa kuna mstari huu: limfositi (chembe za kinga) za stroma, 60%. Baba mdogo akasema, kama kinga imejaa hivyo, kemo, hizo dawa za kuua kansa, ya nini tena? Mama anaanza kumsikiliza. Mimi nimekwama kwenye neno «stroma». Kama chembe hizo hazimo ndani ya kansa yenyewe, zimefika au zimezuiliwa mlangoni? Nielezeni polepole, nami nikaeleze nyumbani.

Labo Kamalondo (Lubumbashi)
Pole kwa yaya, Mwalimu. Kazi yangu labo ni kukata vipande vyembamba vya uvimbe uliogandishwa ndani ya nta na kuvipaka rangi. Kwenye hadubini kansa ya titi haionekani kama jiwe moja. Imekaa mafungu mafungu, kama nyumba zenu za Kadutu zilivyobanana mlimani, na stroma ndiyo vichochoro. Limfositi tunazihesabu vichochoroni kwa sababu zilizoingia ndani ya nyumba ni chache, na kwa rangi ya kawaida zinatuponyoka. Ila ni vichochoro vya ndani ya mpaka wa kansa tu. Zilizosimama nje ya mpaka hatuzihesabu, sehemu iliyokufa pia tunairuka. Kwa hiyo za yaya zimeingia mtaani, zimefunika zaidi ya nusu ya vichochoro. Uvimbe unaonitia wasiwasi ni ule wenye limfositi zilizojipanga ukingoni, katikati patupu.

Kwa hasi tatu hiyo ni habari njema kweli. Utafiti wa 2024 ulifuatilia wagonjwa 1,966 wa aina hii ambao hawakupewa kemo. Kati ya waliokuwa hatua ya kwanza na limfositi 50% au zaidi, 94% walifika miaka 5 wakiwa hai, kansa haijahamia mbali. Wenye chini ya 30%, ni 78%. Lakini mwambie baba mdogo: hatua ya kwanza haivuki sentimita 2. Namba ile si ya yaya. Tena uvimbe wenye limfositi nyingi kwa kawaida unaitikia kemo vizuri zaidi, basi msimnyime.

Mama wa Himbi (Goma)
Mimi kansa yangu ilikuwa ya homoni, ile yenye vipokezi vya homoni. Nilipoona limfositi nyingi nilimshukuru Mungu kwa sauti, dokta akaniambia, mama, kwa aina yako hesabu hii haisomwi vile.

Labo Kamalondo
Alisema kweli. Uchambuzi wa 2018, wagonjwa 3,771: kwa hasi tatu, limfositi nyingi ziliendana na maisha marefu zaidi, lakini kwa kansa ya homoni isiyo na HER2, ziliendana na maisha mafupi zaidi.

Mwalimu wa Kadutu
Asanteni sana. Nimewachorea vichochoro kwa chaki ukutani. Baba mdogo alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza: na hao waliojaa vichochoroni, wote wanapigana?

Labo Kamalondo
Mpe heko. Hapana. Wamo limfositi wa aina ya CD8 wanaoua chembe za kansa, na wamo wengine wanaowatuliza wenzao. Rangi ya kawaida haiwatofautishi. Yaya anaanza kemo lini?

Mwalimu wa Kadutu
Alhamisi. Baba mdogo ndiye atakayemsindikiza.