Namna sahihi ya kupima kiwango cha stabilaiza katika bwawa la nyumbani

Mkazi wa Mbezi Beach

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninaomba msaada wa wenye uzoefu na mabwawa ya kuogelea ya nyumbani. Bwawa letu lina ujazo wa lita 60,000 hivi, linapigwa na jua kutwa nzima, na tangu tuhamie nyumba hii tumekuwa tukilitibu kwa vidonge vya klorini vya gramu 200, vile vinavyowekwa katika chombo kinachoelea. Tatizo ni kwamba maji hayakawii kugeuka kijani, ilhali kipimo cha klorini kinaonyesha miligramu 3 kwa lita, kiwango ambacho kila maelezo niliyoyasoma yanasema kinatosha. Fundi anayetuhudumia anashauri tuongeze vidonge. Muuzaji wa dawa naye anasema kiini cha tatizo ni stabilaiza, yaani asidi ya sayanuriki inayoikinga klorini isimalizwe na jua, na akaniuzia vijiti vya kupimia. Nilipochovya kijiti, kisanduku cha stabilaiza kiligeuka zambarau iliyokoza kabisa, ambayo kwenye chupa imeandikwa "100 na zaidi". Sasa hiyo "zaidi" ni 110 au ni 300? Maji yetu tunayanunua kwa boza, kwa hiyo sitaki kuyamwaga kwa kufuata rangi ya kijiti. Nipime vipi ili nipate namba ya kuitegemea?

Fundi wa Nyali

Ndugu, muuzaji wako amegusa penyewe, ila amekupa chombo kisichofaa kazi hiyo. Vijiti vinafaa kukuonyesha kama stabilaiza ipo au haipo. Kiwango kikishapanda, rangi zake hazitofautiani vya kutosha, na unyevu wa pwani huviharibu upesi mara chupa inapofunguliwa.

Tafuta kipimo cha mrija wenye doa jeusi chini. Kitendanishi chake, yaani dawa ya kupimia, kina melamini, ambayo ikikutana na asidi ya sayanuriki hufanya chembechembe nyeupe zisizoyeyuka, na maji yakawa na ukungu kadiri ya wingi wa asidi hiyo. Chota maji kwa kina cha kiwiko, mbali na mdomo wa bomba linalorudisha maji bwawani. Changanya kiasi sawa cha maji na kitendanishi katika chupa ndogo, utikise na usubiri kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, kisha utikise tena kidogo kabla ya kumimina, kwa sababu chembe hizo hutuama. Simama nje mchana, uipe jua mgongo, mrija uwe usawa wa kiuno ndani ya kivuli cha mwili wako. Mimina kidogo kidogo huku ukitazama kutoka juu. Doa linapotoweka, acha kumimina na usome mstari uliofikiwa na maji.

Hapo kwenye kutazama ndipo wengi wanapokosea. Ukilikodolea macho doa, utaendelea kuliona hata pale ambapo limekwisha kupotea, maana jicho linajua lilipo. Tupia jicho mara moja, geuka, ongeza tone, tupia jicho tena. Kama huna hakika, rudisha mchanganyiko ule ule katika chupa, utikise na umimine upya. Hauharibiki kwa kurudiwa papo hapo.

Kwa hali yako kuna jambo la ziada. Mistari ya mrija haikuachana kwa nafasi sawa: karibu na 30 imetanuka, karibu na 100 imebanana chini kabisa, na zaidi ya hapo hakuna mstari. Kwa hiyo pima nusu kwa nusu. Changanya kikombe kimoja cha maji ya bwawa na kikombe kimoja cha maji safi yasiyo na dawa ya bwawa, pima mchanganyiko huo, na jibu ulizidishe kwa mbili. Kosa la jicho nalo litazidishwa kwa mbili, lakini afadhali kosa la 20 kwenye namba unayoijua kuliko "na zaidi" isiyo na mwisho.

Mwalimu wa Kemia, Nairobi

Ninaunga mkono maelezo ya fundi, na ninaongeza suala la joto. Kipimo hiki kimekusudiwa maji ya nyuzi 21 hadi 27 hivi za Selsiasi. Maji baridi hufanya ukungu mzito zaidi, na namba husomeka juu kuliko ukweli; maji ya moto huishusha, na tofauti yaweza kufika miligramu 15 kwa lita. Sisi wa huku Julai hulazimika kuingiza sampuli ndani ya nyumba mpaka ipate joto la chumba, nanyi wa Dar es Salaam mnaweza kuhitaji kuiacha ipoe kivulini. Kwa anayetaka kulizoeza jicho lake, zipo chupa za myeyusho wa kulinganishia wenye miligramu 50 kwa lita: unaupima kana kwamba ni maji ya bwawa, na ukisoma 70 unajua jicho lako linaelekea upande gani.

Ombi moja la usalama: maji yaliyokwisha kupimwa yamwagwe kwenye sinki, yasirudishwe bwawani. Mwaka 2007, huko Marekani na Kanada, paka na mbwa walikufa kwa sababu melamini na asidi ya sayanuriki vilikutana katika chakula chao na kufanya fuwele katika figo. Ni mmenyuko ule ule unaoonekana ndani ya mrija. Kiasi cha kipimo ni kidogo mno kulinganisha na bwawa, lakini hakuna sababu ya kukirudisha.

Mkazi wa Mbezi Beach

Ninawashukuru sana. Nimepata kipimo cha mrija, nimepima nusu kwa nusu, doa limetoweka kwenye 80. Basi bwawa lina 160. Je, namba hiyo ndiyo inayoeleza ukijani? Na je, nitoe maji yote?

Fundi wa Nyali

Inaeleza kabisa. Stabilaiza huishikilia klorini ili jua lisiimalize. Bila stabilaiza, jua kali la mchana hula nusu ya klorini katika muda usiozidi saa moja. Lakini klorini iliyoshikiliwa haiui mwani kwa kasi ile ile, na kipimo chako cha klorini huhesabu iliyoshikiliwa na iliyo huru kwa pamoja. Kanuni tunayoitumia ni kwamba klorini isishuke chini ya asilimia 7.5 ya stabilaiza. Kwa 160, hiyo ni miligramu 12 kwa lita. Wewe una 3. Kama ungekuwa na stabilaiza 40, hiyo 3 ingekuwa sawasawa.

Na ushauri wa kuongeza vidonge ndio unaolisha tatizo. Kidonge kimoja cha gramu 200 katika bwawa la lita 60,000 huleta klorini miligramu 3 hivi kwa lita pamoja na stabilaiza karibu 2. Klorini hutumika ikaisha. Stabilaiza haivukizwi na jua, haipungui kwa joto la mchana wala kwa chujio. Hupungua hasa pale maji yanapotoka bwawani, iwe kwa kuosha chujio au kwa watoto kuyarusha nje.

Usilikaushe bwawa, hasa masika haya na ukiwa karibu na bahari. Maji ya ardhini yakiwa juu, bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini likapasuka au likainuka. Toa nusu, ujaze, utafika 80. Kisha toa zaidi kidogo ya theluthi, yaani lita 22,500, nawe utakuwa kwenye 50. Kwa njia hii utanunua lita 52,500, wakati kutoa yote yanayohitajika kwa mkupuo kungekugharimu lita 41,250 hivi. Tofauti hiyo ya maji ni nafuu kuliko kujenga bwawa upya.

Baada ya hapo tumia klorini ya maji. Ile ya unga ya kalsiamu hipokloraiti haina stabilaiza, ila huongeza ugumu wa maji, na kama boza lako huchota kisima cha pwani, ugumu unao tayari. Ukiitumia hata hivyo, usiiweke kamwe katika chombo kilichokuwa na vidonge hivyo, hata kama kinaonekana kitupu, kwa kuwa dawa hizo mbili zikikutana huweza kuwaka moto au kulipuka.

Mwalimu wa Kemia, Nairobi

Kabla hujaanza kurekebisha kitu kingine chochote, fahamu pia kwamba asidi ya sayanuriki huingia katika kipimo cha alikaliniti, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe. Kwa pH ya kawaida ya bwawa, toa takribani theluthi moja ya stabilaiza kwenye namba unayoipata: ukisoma alikaliniti 110 huku stabilaiza ikiwa 160, alikaliniti halisi ni 60 hivi. Baada ya kubadilisha maji namba hiyo itasogea, nawe usidhani umeharibu kitu.

Mkazi wa Mbezi Beach

Nimeelewa. Nikishajaza, nisubiri muda gani kabla ya kupima tena?

Fundi wa Nyali

Kwa maji mapya peke yake, acha pampu izungushe siku nzima kisha upime. Muda mrefu unahitajika pale mtu anapoongeza stabilaiza ya chengachenga, kwa sababu huyeyuka taratibu na yaweza kuchukua wiki nzima kuonekana kwenye mrija; wewe kwa sasa huihitaji hata chembe. Na kwa kuwa baada ya awamu ya kwanza utakuwa karibu na 80, pima kawaida na pima nusu kwa nusu siku hiyo hiyo. Majibu mawili yakiachana sana, rudia vyote viwili kabla ya kuita boza la pili.